Anayeiambukiza ngano ugonjwa

Saa mbili asubuhi, fundi wa nyumba ya vioo ya kufanyia utafiti wa mimea anapita getini na mlinzi anamtupia swali lile lile la miaka tisa: "Mchawi, leo unamroga nani?"

"Saba lazima wafe," anajibu bila kusimama. "Thelathini tutaona."

Ndani anavaa ovaroli, anafunga kitambaa kichwani na kuchukua kichupa cha unga wenye rangi ya matofali. Unga huo ni kutu ya ngano, ukuvu unaokula shina mpaka mmea unalala chini. Anaupuliza taratibu kwenye majani machanga ya ngano, kama mtu anayempaka mtoto poda. Kisha anayanyunyizia maji, anayafunika kwa plastiki na kuyaacha yaugue.

Vyungu thelathini vina ngano iliyopandikizwa jeni za kinga kutoka kwenye nyasi za porini zenye undugu nayo. Saba ni ngano ya kawaida, imewekwa pale ife. Isipougua hiyo, jaribio zima ni bure.

Ugonjwa huu anaujua tangu utotoni. Mwaka alioacha shule, kutu iliingia shambani kwa mama yake. Walizoea magunia thelathini, wakavuna manne. "Na hayo manne hata kuku waliyadharau," anasema.

Leo yeye ndiye anayeifuga kutu hiyo. Kwa hiyo, asije akaibeba mpaka nyumbani, kila jioni huoga kazini, nguo huziacha huko huko, na shambani kwa mama hakanyagi. Akienda kusalimia wanakaa uani, shamba wanalitazama kwa mbali. "Mama husema mimi na shamba tunaoneana haya kama wakwe."

Mwaka jana nusura aharibu kila kitu. Siku ya kupulizia, mama alipiga simu: kutu imeonekana kwa jirani. Fundi akamaliza kazi kichwa kikiwa nyumbani, akafunika vyungu bila kunyunyizia maji. Na kutu bila unyevu haishiki.

Wiki mbili baadaye bosi wake, daktari wa mimea, akaikuta safu ya mbele, ile ya ngano yenye kinga, safi, haina hata doa. Akapiga picha, akatoka mbio kuwaarifu wakubwa, waliokuwa wanakuja keshokutwa. Fundi akabaki, akafika safu ya nyuma. Ile ngano ya kufa nayo ilikuwa inang'aa kwa afya.

Hapo akakumbuka maji ambayo hakunyunyizia. Nyuma ya pazia la plastiki kulikuwa na vyungu vya ngano ya kawaida iliyojaa kutu, ile anayoitunza ili apate unga. Kubadilisha saba kwa saba ni dakika tano. Nani angejua?

"Nilishanyanyua kimoja," anasema, mikono ikiwa hewani. "Nikajiuliza, mbegu hii ikifika kwa mama, nitamwambia nini? Nikakirudisha."

Akaenda ofisini kusema. Anakumbuka daktari alivyovua miwani na kuifuta muda mrefu, miwani yenyewe safi. Fundi alikuwa tayari kuambiwa akusanye vitu vyake. Akaambiwa, "Dada, kaoteshe upya. Wakubwa niachie mimi."

Tangu siku hiyo, kati yake na daktari, mmoja akinyunyiza maji, mwingine husimama kutazama.

Jaribio la pili, zile saba zilijaa kutu mpaka shinani. Katika zile thelathini, kumi na tisa zilisimama imara. Kumi na moja ziliugua.

"Hizo kumi na moja nilitaka kuzificha," anasema, na kwa mara ya kwanza hatanii.

Bado kuna majaribio ya shambani na vibali, safari ya miaka. Mama kila akipiga simu huuliza mbegu imefika wapi. "Ananiambia, 'Nyinyi mnapima, mimi nazeeka.' Namwambia ale vizuri."

Jioni anatoka bafuni nywele zikiwa bado mbichi, ovaroli ameitundika kwenye msumari wake. Anaiangalia kidogo kabla ya kufunga mlango.

"Siku mama atakapoipanda mbegu yetu, nitatoka hapa sijaoga," anasema. "Na ovaroli hii hii, na vumbi lake lote. Niende moja kwa moja shambani kwa mama, niingie mpaka katikati, na nisiogope."