Daktari wa Homoni na Uji wa Jirani

Niliondoka kijijini Murungu kwenda kutafuta daktari kwa sababu nilizimia. Asubuhi ile nilichoma insulini, nikachelewa kula, sukari ikashuka. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, mlango nimeukomea kwa ndani, na nje wanafunzi wangu wanapita wakicheka. Hakuna aliyejua. Nililia sana. Sisi watu wa Tanga tumezoea nyumba zenye kelele, na hapa nimefundisha miaka mitatu mlango wangu haupigwi hodi.

Zamani jirani yangu Mama Neema alikuwa akija. Siku ya kwanza aliniletea uji wenye sukari, akaonja yeye kwanza, ndipo akanipa. Nikasema nimeshiba. Kesho yake akaleta ndizi mbivu, akamega, akaonja. Nimeshiba. Ugonjwa niliuficha, nikiogopa kuhurumiwa ugenini. Mwisho akaacha kuja.

Kibondo mjini, daktari wa hospitali aliniambia kisukari changu sasa kinahitaji bingwa wa homoni. Mmoja yuko Mwanza, ana sifa kubwa. Huyo nilishamwona siku za nyuma: alitazama kompyuta mwanzo mpaka mwisho, nikatoka sijui kama sura yangu ameiona. Mwingine huja Kasulu kwa siku chache, kisha huondoka. Nikasema nimwone na huyu, ndipo nichague.

Njiani, kabla ya Makere, basi lilisimama na wauza asali wakaja madirishani.

"Mwalimu, onja tu, asali ya msituni hii!" konda akaninyooshea kijiti chenye asali.

"Nimeshiba."

"Mtu anashiba asali?"

Basi zima likacheka, nami nikacheka. Halafu nikageukia dirishani, maana machozi yalikuwa yananilenga.

Kasulu, foleni ya daktari ilifika hadi uani. Nilikaa karibu na bibi mmoja wa Kagerankanda, nikamuuliza kama daktari huyu anafaa.

"Ananiuliza nimekula nini, kisha anangoja nimjibu," akasema. "Yule aliyenitibu kabla yake alinikataza ugali wa muhogo, akaita anayefuata. Nile nini mjukuu wangu, mawe?"

Daktari alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini. Alipapasa tumbo langu ninapochomea sindano, akaona pamekuwa pagumu, akanielekeza niwe nabadilisha mahali. Akapunguza dozi. Nikamuuliza swali nililotoka nalo nyumbani: akishaondoka Kasulu, nikizidiwa nitampataje? Akanipa namba yake, akasema atazungumza na daktari wangu wa Kibondo.

"Na mimi nikuulize," akasema. "Ukizimia tena, nani atakugongea mlango?"

Akangoja. Nje foleni inakohoa, yeye anangoja.

"Hakuna," nikasema.

"Dozi nimepunguza. Hilo la mlango siwezi kukuandikia dawa yake. Mwambie mtu mmoja tu."

Nikamchagua palepale. Ya Mwanza nikayaacha.

Murungu nilirudi jua likizama, nikapita nyumba yangu, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Neema. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Akashika mdomo.

"Yoo, mwalimu! Kumbe ni sukari? Sisi tulijua unaogopa tutakutilia sumu. Ndiyo maana nilikuwa naonja mbele yako, na bado unakataa!"

Miaka mitatu! Yeye kaumia upande wake wa ukuta, na mimi wangu.

Akaleta maharage na viazi vitamu vichache, akanyoosha mkono aonje. Nikamuwahi, nikatia tonge mdomoni.

"Hee! Hujaniacha nionje!"

"Nina njaa, Mama Neema."

Tukala sahani moja. Nilichojifunza safarini ni hiki: bingwa mfuate anayengoja jibu lako, hata kama jibu lenyewe linakuaibisha.

Asubuhi nilisikia Mama Neema anagonga mlango, akinisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mwalimu! Umeamka?"

"Nimeamka," nikaitika kitandani.

"Sauti siitaki. Fungua nikuone."