Mluzi wa Mti wa Koko

Juma lililopita mwanangu alirudi kutoka ziara ya shule huko Kajiado akiwa ameficha chupa ya jemu chini ya sweta. Ndani mlikuwa na kitawi cha mwiba chenye vinundu vitatu vyeusi, na juu yake sisimizi wakizunguka huku wamebinua makalio, wakitafuta wa kumuuma. Aliiweka mezani, hapa kwetu Rongai, kando ya bakuli la sukuma wiki, akatangaza kwamba atawafuga. Mimi bila kufikiri nikamwambia, "Wiki mbili watakuwa wamekufa. Humo ndani hakuna malkia."

Akanikazia macho. "Mum, umejuaje?"

Niliinuka nikaenda kusonga ugali ambao ulikuwa umeshaiva. Wewe nitakuambia ukweli, kwa sababu huwezi kunitazama usoni.

Nilikulia Kitengela, wakati ambapo ukiacha barabara ya Namanga hatua chache tu unakuwa umeingia mbugani. Baba alifanya kazi kiwandani Athi River, na sisi, watu wa magharibi tuliozoea mvua na migomba, tulipanga vyumba viwili vya mabati katika shamba la ajuza mmoja Mmaasai. Watu wake walimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai, nasi tukamwita hivyo hivyo. Mama alilalamika juu ya upepo usiopumzika na udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unamvua mtu viatu. Mimi nilipapenda. Nilipenda hata chai ya Koko, iliyonukia moshi kwa sababu maziwa yalitoka kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto. Ukimsalimia unainamisha kichwa, naye anakuwekea kiganja utosini, kizito, chenye joto. Ningekaa hapo kutwa.

Macho ya Koko yalikuwa yamefifia. Aliona mwanga na kivuli, basi. Lakini kila alasiri alichukua fimbo yake akavuka uwanda kwenda kwa rafiki yake, ajuza mwenzake ambaye walikuwa wasichana pamoja. Kwenda hakukumsumbua: rafiki alikuwa na mbwa wasionyamaza, akafuata sauti zao. Kurudi alikuwa na mti.

Ulikuwa ule mwiba wa mbugani ambao Wamaasai huuita eluai. Baadhi ya miiba yake huvimba chini ikawa vinundu vyeusi, vikubwa kama ndimu, vitupu ndani. Sisimizi huvitoboa wakahamia humo, na upepo ukipita kwenye vitundu vile mti unapiga mluzi. Huo ulisimama peke yake langoni kwa Koko. Nilimwona mara nyingi: anafika katikati ya uwanda, anasimama, anageuza sikio, kisha anakuja moja kwa moja hadi langoni kama mtu anayevutwa kwa kamba. Mbuzi hawakuthubutu kuugusa, maana sisimizi waliwauma midomo. "Hao ni askari yangu," Koko alikuwa akisema, na kucheka.

Mimi nilitaka wawe wangu. Shuleni nilikuwa yule mtoto mgeni asiye na cha kuonyesha mtu. Basi likizo ya Agosti, asubuhi ya baridi wakati sisimizi wamezubaa, nilikata kinundu cha kwanza kwa kisu cha mama cha mboga, nikakitia kwenye chupa ya jemu. Mama alikuwa na ujanja wa kuweka kopo la sukari ndani ya sahani ya maji ili sisimizi wasilifikie. Nikaugeuza: chupa yangu niliiweka wazi katikati ya bakuli la maji ili wangu wasitoroke. Niliwalisha pamba iliyoloweshwa maji ya sukari, na nzi niliowaua kwa kandambili. Walibeba watoto wao weupe, wadogo kuliko punje za mchele, kutoka kinundu hadi kinundu, nami nikalala kifudifudi nikiwatazama mpaka mama aniite mara tatu. Shule ilipofunguliwa niliwapeleka darasani. Wanafunzi walipanga foleni. Mwalimu akanihamishia dawati la mbele. Sitakudanganya, nilifurahi mno.

Kisha wakaanza kufa. Sikujua kwamba mti mzima ni ukoo mmoja wenye malkia wake, na kwamba nilichokuwa nacho kwenye chupa ni vibarua tu, watoto wasio na mama. Nilidhani wamekosa nyumba za kutosha. Nikarudi kukata vinundu vingine. Hao nao wakafa, nikarudi tena. Nilianza na matawi ya chini, halafu nikawa nabeba kigoda, na mwishowe nikaazima ngazi ya baba. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimechelewa, na mti ukabaki na miiba mitupu. Mbuzi waligundua kabla ya watu, wakaula majani hadi walipofikia. Mkaza mwana wa Koko, aliyeshinda kwenye soko la mifugo Kajiado, alisema ni ukame.

Alasiri moja Koko hakurudi. Jua lilikuwa limeinama wakati muuza maji alipomleta kwa mkokoteni wa punda, ameketi katikati ya mitungi, shuka limejaa vumbi, goti linatoka damu. Alimkuta kando ya barabara ya Namanga, malori yakimpita karibu kabisa, naye anageuza sikio huku na huku. Alipomshusha langoni, mimi ndiye niliyekuwa pale.

"Upepo iko?" Koko aliuliza.

Shuka lake lilikuwa likipepea. "Iko, Koko."

"Na mti? Inalia?"

Nilitazama juu. Hakikubaki kinundu hata kimoja. Chupa yangu ilikuwa dirishani petu, hatua kumi kutoka tuliposimama. Nilikuwa na miaka kumi, nilijua kabisa nilichofanya, na niliogopa.

"Inalia tu," nikasema.

Koko aliinua mkono akaziba sikio, akaliachia, akaziba tena.

"Basi ni masikio," alisema. "Kwanza macho, sasa hii."

Habari ikaenea kwamba Koko hasikii. Watu wakaanza kumpigia kelele: wajukuu, muuza maji, hata mama yangu, ambaye kwa huruma alimsalimia kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Masikio yake yalikuwa mazima. Nilikuwa nikimwona akigeuka kifaranga kikipita nyuma yake. Lakini alikuwa ameamini, akaanza kusema "eeh?" hata kwa maneno aliyoyasikia. Fimbo ikaegemezwa ukutani. Rafiki yake alikuja mara mbili kumtazama, kisha miguu ikamkataa. Hawakuonana tena, na mimi ndiye niliyewatenganisha. Chupa niliitupa chooni. Kusema, sikusema.

Mwaka uliofuata baba alipata kazi nyingine, tukahamia huku Rongai. Siku ya kuhama mama alinisukuma mbele nikamuage Koko. "Mwambie kwa nguvu," alisema, "unajua hasikii." Nikainama sikioni mwake, nikapaza sauti: "Kwaheri, Koko!" Alishtuka, uso ukajikunja kwa maumivu. Kisha kile kiganja kikanijia utosini.

"Wewe nakusikia, mtoto yangu," alisema polepole. "Ni mti tu nilikosa."

Mdomo wangu ulikuwa palepale sikioni mwake. Maneno mawili yangetosha. Nilikimbia nikapanda lori lililobeba vitanda vyetu.

Mwaka jana nilipita pale. Uwanda umejaa nyumba za kupanga, ukuta umeegemea ukuta, na lango la Koko sasa ni duka la vifaa vya ujenzi. Sikuuliza alizikwa wapi. Upepo ungalipo, unapeperusha mifuko mitupu ya simiti, lakini sikusikia mluzi. Wenzangu wa Kitengela ya zamani tukikutana huwalaumu wanunuzi wa ploti, kwamba ndio waliotumalizia mbuga, pundamilia na miti yake. Wakifika hapo mimi hunyamaza. Mti ule haukungoja wanunuzi.

Mwanangu alinifuata hadi jikoni, chupa amekumbatia kifuani.

"Mum, si uniambie. Ulijuaje?"

Ana miaka kumi. Bado anaamini kila ninachomwambia.

"Nilisoma mahali," nikamjibu.