Kibao cha Marumaru

Zohaib alitoka kwao Multan na digrii moja, akaja Birmingham, Uingereza, kusomea uzamili. Kwao mwanafunzi mwema humeza kitabu kizima akakitema kwenye mtihani bila kudondosha neno; kugeuza maneno ya mwalimu ni utovu wa adabu. Basi kwenye tasnifu yake akayapanga maneno ya profesa wake vilevile yalivyo, bila alama za kunukuu, kwa heshima zote.

Chuo kikamwita mbele ya jopo la nidhamu. Profesa mwenyewe, hata kumtazama hakumtazama, akasema, "Huu ni wizi." Dakika kumi zikatosha kumfukuza chuo. Mtu umemheshimu hivyo, naye anakuita mwizi!

Alikuwa kwenye kituo cha basi cha Bordesley Green, barua ya kufukuzwa mkononi, baba yake alipomtumia picha. Kibao cha marumaru kimejengewa getini kwao, jina la Zohaib limechongwa pamoja na shahada ya Uingereza, na majirani wamekizunguka wakilishana halua.

"Mwanangu, fundi bado yupo. Kuna neno la kurekebisha?"

"Hakuna, Baba," Zohaib akaandika. "Yote yako sawa."