Mstari wa Tarmo

Wivu ulimkaba Tarmo Hyvärinen asubuhi ileile Elviira alipoleta kazi yake. Na kazi yenyewe, jamani, ilikuwa nzuri! Hapo Oulu, mji wa Ufini, Tarmo ndiye aliyekuwa mlezi wa mfumo wa mafaili, ile programu inayopanga kila kitu ndani ya diski. Miaka nenda miaka rudi aliahidi kuuongezea kanuni mpya ya usimbaji, ili kila faili lifungwe kwa ufunguo wake. Akabaki na ahadi. Huyu binti wa juzi kaja, kaiandika.

"Kaka Tarmo," Elviira alimwambia wakinywa kahawa, "pale kwenye majina ya mafaili, kuna mstari wako wa zamani..."

"Wangu niachie," Tarmo akamkata. "Wewe hangaika na yako."

Kwao kazi haipokelewi mpaka mwingine aipitie na kuweka jina lake chini, tena hadharani, kila mtu anasoma. Tarmo akaipekua kama anayetafuta chawa. Hola, hakuna kosa! Akaenda sauna kuoga mvuke, akarudi, akapekua tena huku roho inamuuma. Hatimaye akaona: ukifungua folda huna ufunguo, mashine nzima inaganda, kisa mstari mmoja tu. Alifurahi, tena alifurahi kweli, mtu mzima yule. Akawaandikia wote: "Aliyeandika mstari huu arudi shule. Siweki jina langu kwenye uchafu."

Sasa, kila mstari wa programu una historia yake. Ukiiuliza mashine, unaambiwa nani aliuandika. Jouko wa meza ya pili akauliza. Akacheka mpaka kahawa ikampalia.

"Tarmo wee! Nyani haoni kundule. Huo mstari ni wako, bwana! Mwenzio kautumia tu."

Tarmo akatazama. Jina lake, waziwazi. Masikio yakamwaka moto.

"Ulijua?" akamuuliza Elviira.

"Si nilianza kukuambia? Ukasema wako nikuachie. Nikauacha, nakusubiri."

Tarmo akaurekebisha. Lakini chini ya marekebisho lazima utaje aliyegundua kosa. Tarmo akakaa hapo, kahawa ikapoa. Angeweza kujitaja mwenyewe. Si ndiye aliyepiga kelele? Akaandika jina la Elviira. Kisha, chini ya kazi ya Elviira, akaweka lake.

"Asante, kaka," Elviira akasema, bila kejeli hata chembe.

Tarmo akainuka kwenda kumwaga kahawa yake, sasa akimwonea wivu hata ule upole.