Mtoto Niliyemwandikisha Ukimbizini

Ile kesi ya kiti cha wadi ilitoka mdomoni mwangu. Wacha niseme hivyo kabla sijapotea njia, maana mimi hupotea.

Zamani nilikuwa nauza makaa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa kwetu. Mwaka mmoja wa ukame mbuzi wetu wakaisha, na nilikuwa nimeachiwa mtoto wa dada yangu. Dada mwenyewe alikuwa mbali, kule Katilu, anauguza mama mkwe. Mteja wangu mmoja, mama wa Sudan Kusini, mtu wa kuimba kanisani mpaka sauti inakauka, akakubali tumwandikishe mtoto kama wake. Mtoto akapigwa picha, jina lake likaingia kwenye kadi ya mgao wa chakula. Wengi wetu wenyeji tulifanya hivyo. Mahindi yenyewe yalikuwa ya manjano, magumu, unachemsha mpaka kuni zinaisha. Dada aliporudi alinikasirikia sana.

"Mtoto wangu ana mama," alisema. Sasa ni marehemu.

Mtoto akakua, akasoma, akataka kiti cha wadi. Mwisho wa 2012 niliitwa mahali palipochinjwa mbuzi, na mimi nikipewa nyama siwezi kunyamaza. Nikawachekesha watu: mgombea wetu alishawahi kuwa mkimbizi hapa hapa kwao! Mwenye mbuzi alikuwa mpinzani wake, na mimi nilijua. Alicheka kidogo tu, akaniongezea ubavu.

Hazikupita wiki nyingi, karatasi ya korti ikatoka Lodwar. Mpinzani anasema kijana ni mkimbizi, si raia, aondolewe kwenye uchaguzi.

Tukaenda kortini. Kijana alininunulia chai kwanza.

"Mama mdogo, sema tu ilivyokuwa."

Lakini pale mlangoni nilisikia watu wakisema aliyedanganya kambini anaweza kufungwa. Wakili wa mpinzani akainua ile picha ya zamani.

"Nyanya, nani alimpeleka kuandikishwa?"

"Mama yake, dada yangu."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

Akaandika. Chifu na wazee wa boma wakaeleza kijana alizaliwa wapi, na korti ikamwacha agombee. Watu wakaimba. Yeye akanivuta kando.

"Mama alikuwa Katilu."

"Najua."

"Wameandika yeye ndiye mwongo."

Nilimwomba maji.

Alishinda 2013. Mpaka leo ananiletea sukari na tumbaku, ananisalimia ejok, lakini haketi.

Juzi watoto wake wakaniomba hadithi ya njaa. Nikaanza na mahindi ya manjano, nikazunguka kwa yule mama wa kuimba, nikazunguka tena kwa mbuzi. Mkubwa wao akaniuliza, "Nani alimpeleka baba kambini?"

"Ni mimi," nikasema.

Baba yao alikuwa mlangoni na sukari mkononi. Akaiweka chini.

"Hiyo ungeiambia korti, mama mdogo," alisema, akawaita watoto waende nyumbani.