Mtori wa Diwani

Antoni wa Kibosho alikuwa na hadithi moja tu, lakini aliitunza kuliko kahawa yake. Enzi zile akiwa mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mizigo ya wageni mlimani, alimbeba Mzungu mgongoni kutoka kambi ya Barafu kule juu mpaka getini. Mzungu ameteguka mguu, mvua inanyesha, na Antoni anaimba. Mwaka wa kwanza wa kusimuliwa, Mzungu yule alikuwa mwembamba kama fito. Kila Krismasi akawa ananenepa kidogo. Mpaka tunavyozungumza amefikia uzito wa ng'ombe wa maziwa, na watu pale senta wanamsikiliza Antoni kwa adabu, wakisubiri kuona mwakani Mzungu atakuwa amekula nini.

Usimcheke. Mwanamume asiye na la kujisifia hata jogoo wake humdharau.

Sifa yake ya pili ilikuwa kwamba tangu abatizwe hajawahi kushika mwiko. "Jikoni ni parokia ya Mektrida," alikuwa akisema. "Mimi huko ni muumini tu, nakaa benchi la nyuma."

Mektrida ndiye mkewe, mama wa binti yao Hilda. Sasa Hilda alipojifungua huko Dar es Salaam, Mektrida alifunga safari kwenda kumlea mzazi, kama mama yeyote wa huku juu anavyofanya: akabeba ndizi mshare, akabeba samli, akaaga kwamba miezi mitatu asitafutwe. Nyuma yake akaacha ng'ombe mmoja, kuku kadhaa, mume mmoja, na kitoto cha mbwa alichopewa na dada yake wa Masama.

"Baba Hilda," alisema akiwa ameshapandisha mguu garini, "hawa wengine wanajua kujitafutia, hata wewe. Huyu mdogo hajui. Nimkute."

Neno lilikuwa hilo moja, nimkute. Lakini aliyekaa na Mektrida miaka thelathini anajua kwamba neno lake moja lina mabawabu wawili mlangoni.

Kitoto kile kilipenda joto, na joto la nyumba ya mkulima liko zizini. Asubuhi moja kilikwenda kulala chini ya ng'ombe, ng'ombe naye akahamisha kwato bila kuuliza. Antoni alipofika alikikuta kinalia, mguu wa nyuma unaning'inia kama jani la mgomba lililochanwa na upepo.

Jirani yake Eliakim, mwenye bucha pale senta, alichungulia juu ya ua wa masale wa mpakani. "Mangi, huyo mmalize tu. Mbwa wa miguu mitatu atamfukuza nani? Konokono?"

Pengine bila neno lile Antoni angesitasita. Lakini kuambiwa na muuza utumbo! "Huyu," akasema akikinyanyua, "atatembea kwa miguu minne. Siku Mama Hilda anashuka garini, atamkuta pale senta, na atakuwa ameteremka mwenyewe, hakubebwa."

"Asipoteremka?"

"Nitaacha kusimulia habari ya Mzungu."

Eliakim akakoma kucheka. Dau hilo lilikuwa zito mno. "Milele?"

"Mpaka kaburini."

"Basi na akiteremka, mimi Eliakim nitakubeba mgongoni mbele ya watu wote, kutoka dukani kwangu mpaka zinapoegeshwa gari. Wewe na Mzungu wako."

"Mzungu muache. Utavunjika."

Siku ileile Antoni alikitia kitoto kwenye tenga, akapanda bodaboda mpaka Njoro, kwa Daktari Jasmeet, mama wa Kisingasinga anayetibu mifugo, mzaliwa wa hapahapa Moshi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

"Pole yake. Anaitwa nani?"

Hapo Antoni alikwama. Mektrida alikuwa hajampa jina, na kumleta mtu hospitali bila jina ni kama kumleta uchi. "Diwani," akasema.

"Diwani?"

"Anakula, analala, na kumwona ni bahati."

Daktari alicheka mpaka ikabidi aweke sindano mezani kwanza. Kisha akaufunga mguu kwa plasta ngumu, akasema: "Akae mahali padogo, asirukeruke. Ale vizuri, ila vitunguu hapana, na chumvi hapana. Nikishamtoa plasta atembezwe kidogo kidogo kila siku. Mzee, usimdekeze."

"Mimi? Nimdekeze mbwa?" Antoni aliuliza hivyo huku amevua koti lake amelitandika ndani ya tenga.

Njiani kurudi, Antoni alitafakari neno "ale vizuri". Mwili uliovunjika hapa kwetu unalishwa nini? Hakuna mjadala. Mzazi aliyetoka kujifungua, aliyeachwa na mifupa imelegea yote, hupewa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, mpaka ang'ae. Basi na huyu apewe mtori.

Siku ya kwanza uliungua. Diwani aliunusa, akageuza uso ukutani. "Unajua Mzungu wangu alikula nini kule juu?" Antoni alimkemea. "Biskuti! Na hakulalamika!" Siku ya pili ulikuwa na mabonge. Lakini baadaye mkono ulikaa: nyama ya mifupa ikachemka mpaka ikaachia mfupa, mshare zikaiva mpaka zikasahau kuwa ni ndizi, na mwiko ukazunguka. Mlango alikuwa ameufunga, madirisha pia. Siyo kwa ajili ya baridi. Angeonekana na mwiko, je, ile sifa ya pili angeipeleka wapi?

Plasta ikatolewa. Daktari aliuminya mguu, akaukunja, akaukunjua. "Mfupa umeshika vizuri sana. Sasa ni kutembea tu."

Diwani hakuona sababu. Alibebwa kwenda kukojoa, akabebwa kurudi, mtori ukamfuata kitandani. Kwa nini akanyage? Antoni akimweka chini, mbwa anakunja mguu tumboni, anamwangalia kwa macho ya yatima. Antoni anamnyanyua. "Kesho," anasema. "Leo ardhi ina unyevu." Kesho yake ardhi inakuwa na ukavu. Tusimfiche: mtu aliyeshuka na jitu zima mgongoni alikuwa anaogopa kumwachia mbwa mdogo sakafuni, asije akavunjika tena, na Mektrida alishapiga simu kwamba Jumamosi anarudi.

Huko nje watu hawakulala. Antoni haonekani kwenye pombe ya mbege. Moshi unatoka nyumbani kwake mchana kweupe. Na pale bucha Eliakim alikuwa amechoka kushangaa.

"Nyama laini tena? Na mifupa ya supu? Kuna nini kwako, mangi?"

"Wewe kata nyama. Maswali peleka kwa katekista."

Eliakim hakuyapeleka kwa katekista. Aliyapeleka kwa mkewe Elisifa, mwenyekiti wa jumuiya, ambako yanafika haraka zaidi.

Elisifa aliyapanga. Mtori. Mlango umefungwa. Maziwa hayaletwi tena kuuzwa. Basi ni Hilda! Ndoa imemshinda, amerudishwa na kichanga chake, na baba yake anamficha kwa aibu. Angetangulia kumpigia simu Mektrida, yangekwisha. Lakini utaanzaje kumuuliza mama jambo kama hilo kwenye simu? Ijumaa jioni akina mama wakaja kwa msafara, kibuyu cha maziwa, mkungu wa mshare, doti ya khanga, na vigelegele kuanzia kwenye mfereji.

Ndani, Antoni alikuwa amejifunga khanga ya Mektrida kiunoni, mwiko mkononi, jasho usoni.

"Hodi! Baba Hilda, tumekuja kumwona mzazi!"

"Hakuna mzazi hapa!"

"Mtori unanukia mpaka barabarani!"

"Ni wa kwangu mimi!"

"Wewe? Umejifungua lini?"

Wakaangua kicheko. Halafu sauti ya Elisifa ikashuka, ikaja karibu na mbao za mlango. "Baba Hilda, hatukuja kusema mtu. Mtoto akirudi kwao siyo aibu. Hilda, mwanangu, kama unanisikia, mama zako tuko hapa."

Ndipo Antoni akaelewa wanachofikiri. Akaona kabisa maneno yale yakiteremka mpaka Moshi mjini kesho yake, yakipanda basi, yakimfikia mkwewe Dar es Salaam kabla ya jua kuzama. Angeweza kulinda jina la mwanawe, au angeweza kulinda ile sifa ya mwiko. Hakupima hata kidogo. Hakuvua hata khanga. Akafungua mlango.

"Mzazi yuko wapi?" akauliza Elisifa.

Antoni alinyoosha mwiko kitandani. "Yule pale."

Diwani akatikisa mkia.

 Mama mmoja akakaa chini kwa kucheka, na mwingine akamkalia. Elisifa peke yake hakucheka. Alimpokonya Antoni mwiko, akachota, akaonja.

"Hauna chumvi."

"Daktari amekataza."

"Hauna kitunguu."

"Amekataza pia."

Akaonja tena. "Umepondwa vizuri."

Antoni, ambaye dakika ile alikuwa anatafuta ufa wa kuingilia, alijikuta amesimama wima. "Umepondwa kwa mkono huu," akasema akiuinua juu. "Mkono uliomshika Mzungu!"

"Muache Mzungu apumzike. Huyu ametolewa plasta lini?"

Antoni akamtajia siku.

"Na bado yuko ndani?"

"Hakanyagi. Nasubiri awe tayari."

"Nani alikuambia mzazi hujitoa mwenyewe ndani? Mzazi hutolewa!"

Na ni kweli. Bibi zetu, mzazi akimaliza miezi yake ya kukaa ndani, walimvika shanga, wakampa fimbo, wakamshusha sokoni kwa nyimbo zilezile walizoimbiwa wanaume waliotoka vitani. Hawakumuuliza kama yuko tayari. Walimwimbia mpaka akawa tayari.

Elisifa alimimina maziwa kwenye kifuniko cha sufuria, akakiweka mwisho wa ua, chini kabisa, penye migomba. Antoni alipotoka na Diwani mikononi, akamwambia: "Muweke chini."

"Kuna mteremko pale. Ataanguka."

"Muweke chini, Antoni."

Akaita jina lake tupu, kama mwalimu. Antoni akamweka. Mikono yake ikabaki hewani, imezunguka mbwa ambaye hayumo tena. Akina mama wakaanza kuimba, taratibu, kwa makofi. Diwani akakunja mguu, akamgeukia Antoni na yale macho yake ya yatima, na Antoni akafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya mlimani: akatazama bati la nyumba.

Diwani alinusa maziwa. Akaruka hatua moja kwa miguu mitatu, akaruka ya pili. Kwenye mteremko akayumba, na kabla hajafikiri, mguu wa nne ukashuka wenyewe kumzuia. Ukagusa. Ukainuka kama uliogusa jiko. Ukagusa tena. Alipofika penye kifuniko alikuwa amesimama kwa yote minne, ulimi kazini.

Antoni hakulia. Ulikuwa ni moshi. Ukitaka kubishana nenda kamuulize mwenyewe, lakini nenda na chakula, maana atakuanzia Barafu.

Jumamosi waliteremka polepole, wakapumzika penye daraja la mfereji, wakateremka tena. Diwani mbele, shingoni ana uzi wa shanga aliofungwa na Elisifa, anachechemea kidogo kama mzee wa kanisa. Eliakim aliwaona akiwa dukani, panga mkononi.

"Anachechemea yule!" akapiga kelele. "Haihesabiki!"

"Mliandikiana miguu minne, hamkuandikiana mwendo," alijibu mkewe mwenyewe, Elisifa. "Inama, Baba."

Akainama.

Kwa hiyo Noah ya abiria iliposimama na Mektrida akatoa kichwa, alichokiona kwanza ni mumewe akiwa juu ya mgongo wa muuza nyama, kofia imekaa upande, anapunga mkono kwa watu kama askofu. Cha pili ni mbwa mwenye shanga, anayekuja kunusa kiatu chake. Mektrida alichuchumaa. Akaupapasa ule mguu wa nyuma, kidole kikasimama pale mfupa ulipounga, kikakaa hapo kidogo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu kwenye simu.

"Nimemkuta," akasema.

Kisha akainua macho. "Na wewe huko juu unatafuta nini?"

"Narudi kutoka Barafu."

"Shuka, unamuua Eliakim. Nina njaa."

"Mtori upo," akasema Antoni.

"Kaupika nani?"

Akina mama wote wakaonyesha kidole kimoja upande mmoja. Antoni alishuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Paroko akisafiri, Mama Hilda, msaidizi husoma misa."

Mtori wa siku hiyo ulikuwa na chumvi na kitunguu. Mektrida alikula bakuli lote, akalisukuma tena mbele ya mumewe, naye akainuka kwenda kuchota.

Siku hizi pale senta wanasikia hadithi mbili. Mzungu ameruhusiwa kupungua. Anayekua sasa ni Diwani: juzi mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na kufikia Krismasi, kwa jinsi mambo yanavyokwenda, ng'ombe atakuwa amegeuka tembo.