Neno la Mtani

Hafidha alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kazi za maabara katika chuo kimoja binafsi mjini Nachingwea. Kwao ni Nanganga, na huko ndiko alikokwenda kwa ajili ya arobaini ya bibi yake. Titus, mwalimu wake wa vitendo, naye alifika. Titus ni Mngoni. Kwa ukoo ule wa Kimwera, Mngoni ni mtani, na mtani hangoji kualikwa msibani.

Wali ulipoanza kupakuliwa, Titus alijilaza kizingitini, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Sibanduki!" alisema. "Mmemzika bibi mkadhani mmemaliza? Kuna maiti nyingine Nachingwea. Chuo cha mtoto wenu kimekufa, kinangoja sanda tu. Mtoeni mtoto kabla hajazikwa nacho!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mwanamke mmoja akammwagia unga kichwani. Mzee Isihaka, mjomba wa Hafidha, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mpeni sahani yake huyu! Babu zake walimaliza mbuzi wetu, na njaa yenyewe bado ni ileile."

Hafidha hakucheka. Wiki tatu nyuma alishuhudia hadubini sita zikitolewa maabara, eti zinapelekwa kutengenezwa, na hakuna iliyorudi. Alimfuata Titus nyuma ya nyumba alikokuwa akinawa ule unga.

"Mwalimu, lile la chuo ni utani?"

Titus alitazama kushoto, kisha kulia. "Binti, kuna maneno nikiyasema kule nitaulizwa nimeyatoa wapi. Hapa haniulizi mtu." Halafu akapaza sauti, "Wamwera wabahili nyie, hata maji ya kunawa mnapima!"

Jumatatu Titus hakuonekana darasani. Jumanne mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi, na ndani hamkuwa na hata kiti.

Muda wa kuomba uhamisho ulikuwa unakwisha Ijumaa ya wiki hiyohiyo, saa tisa alasiri. Chuo kimoja cha Masasi kilikuwa na nafasi, nacho kilitaka fomu yenye saini mbili: ya mkuu wa chuo anakotoka mwanafunzi, na ya mlezi. Kama chuo chake kingefungwa akiwa bado humo, Hafidha angeanza tena mwaka wa kwanza, na miaka miwili ingekwenda na maji.

Alhamisi asubuhi aliingia kwa mkuu wa chuo na maelezo aliyoyakariri njia nzima. Mkuu yule alijulikana kwa kung'ang'ania wanafunzi. Mwaka uliopita kijana mmoja alimsumbukia mwezi mzima kwa saini kama hiyo. Safari hii alichukua kalamu akasaini bila hata kusoma jina.

"Uko na mwenzako nje?"

"Hapana, mkuu. Niko peke yangu."

"Vizuri. Usimwoneshe mtu karatasi hiyo."

Ukutani nyuma yake, palipokuwa pametundikwa cheti cha usajili, palibaki mraba mweupe na msumari. Hafidha alitoka akiikunja fomu. Alikuwa amejiandaa kukataliwa. Kukubaliwa upesi namna ile hakukuwa amejiandaa nako.

Siku hiyohiyo alipanda gari la Ruangwa, akaunganisha hadi Nanganga. Baba yake alikwishafariki. Na hata angalikuwa hai, kwa desturi ya ukoo wao neno la mwisho juu ya watoto ni la mjomba. Ijumaa asubuhi alimkuta Mzee Isihaka akisafisha bomba la kupulizia mikorosho.

"Mjomba, naomba saini yako."

"Kwa sababu ya Mngoni?"

"Kwa sababu ya hadubini, mjomba. Kwa sababu ya mkuu mwenyewe. Amesaini kama mtu anayefukuza kuku."

"Mkuu wako nimezungumza naye kwa simu juzi, akaniambia mambo ni shwari. Sasa nimwache mtu mzima na neno lake, nifuate la mtani aliyelala mlangoni? Ua mzima ulimsikia, mwanangu. Nikisaini leo, kila msiba kutoka hapa mpaka Nambambo wataniimba: Isihaka katishwa kwa utani, akakimbia. Jumapili nitakwenda nikaone mwenyewe."

"Jumapili muda utakuwa umekwisha."

"Basi utakuwa umekwisha." Akavaa kanzu, akaenda msikitini.

Swaumu, mama yake Hafidha, alikuwa jikoni akisikia yote. Katika maisha yake hakuwahi kulipinga neno la kaka yake. Alitoka akijifuta mikono kwenye kanga.

"Karatasi imesema mjomba, au imesema mlezi?"

"Mlezi, mama."

"Niletee kalamu."

Hakujua kuandika. Alijipaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, taratibu, mpaka likawa la buluu, akalikandamiza mahali Hafidha alipomwonesha. Kisha akachota majivu akaanza kulisugua. Wino ulififia, lakini haukutoka katika mistari ya ngozi.

"Mjomba akikuuliza je?"

"Ataliona tu. Nenda, mwanangu, kabla hawajatoa salamu."

Hafidha alifika barabara kuu mkoba ukiwa begani. Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Mwanne, anayelala naye chumba kimoja bwenini: *Uko wapi? Wamekuja watu na makufuli. Tumeambiwa tutoe vitu vyetu sasa hivi.*

Aliitazama tarehe iliyokuwa chini ya saini ya mkuu. Ilikuwa ya jana. Masasi wangeipokea saini ya mkuu wa chuo kilichofungwa? Au habari ingekuwa imewafikia kabla yake? Hakuwa na wa kumuuliza.

Basi la Masasi lilipotokea, watu walikuwa wakimiminika kutoka msikitini. Mzee Isihaka alikuwa katikati yao, akicheka na wenzake. Alimwona. Alisimama, kicheko kikamkauka usoni.

"Hafidha! Unakwenda wapi?"

Hafidha alipanda. Kupitia kioo cha nyuma alimwona mjomba akiachana na wenzake, akishika njia ya nyumbani alikobaki dada yake, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuuliza.